Muhuri wa Wajina

Wivu hauna adabu. Haupigi hodi, hauvui viatu mlangoni, na ukishaingia hauulizi mahali pa kukaa. Ulimkuta Kidoti saa nne asubuhi, siku kumi na moja kabla ya harusi yake, ameshika pasi mkono mmoja na koti jeupe la muuguzi mkono wa pili, anaimba.

Sababu ya kuimba alikuwa nayo. Duka la shangazi yake lilikuwa dogo, cherehani mbili na meza ya kukatia, ukitaka kupita ujibane tumbo, lakini kwa kudarizi majina mji mzima hakuwa na mpinzani. Wateja walileta sare za shule, aproni za wapishi, makoti ya hospitali. Yeye alichora jina kwenye karatasi ngumu, akaitoboatoboa kwa sindano kufuata mstari, akaipaka unga wa chaki, na jina likahamia kwenye kitambaa kwa vitone vidogo. Kisha uzi ukafuata. Ukiliona jina alilodarizi yeye, unatamani liwe lako.

Lake mwenyewe halikuwa na bahati hiyo. Nyumbani, shuleni, mtaani, wote walimwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi lililokaa juu ya mdomo wake kama limewekwa makusudi. Jina alilopewa na marehemu baba yake, Nadia, lilikuwa la kwenye vyeti tu. Mpaka alipokuja yule mtengeneza mihuri kudariziwa aproni ya kazi, miezi minane iliyopita.

"Unaitwa nani?" alimuuliza siku ile.

"Kidoti."

"Hilo ni la doti. Mwenye doti je?"

Alipomtajia, yule kijana alinyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu, hata shangazi akainua macho kutoka kwenye vifungo. Halafu akalitamka polepole, "Nadia," na Kidoti akaitika kabla hajajua ameitika. Mtu ukiwa umeitwa jina la utani miaka ishirini na sita, halafu akatokea mmoja akakuita kwa jina lako kamili, tena kwa sauti ile, utafanyaje? Alipenda, basi. Alipenda bila breki.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Bwana Mihuri, kama mtaa ulivyomwita, alimletea zawadi: muhuri mdogo wenye mpini wa mbao, na ndani yake jina lake limekaa kwa mwandiko wa mlazo. Tangu hapo kila nguo iliyotoka dukani ilitoka na kikaratasi kimepigwa chapa ya zambarau, Nadia. Hata hilo koti jeupe lilikuwa nacho tayari.

"Hodi humu!"

"Karibu ndani," alijibu shangazi. "Ahaa, mwenye koti huyo. Kidoti, ulipokuwa sokoni jana ndiye aliyelileta. Huyu ni wajina wako, mwanangu. Nilisahau kukwambia."

Kidoti aliweka pasi. Wakati anadarizi lile koti alikwisha kucheka peke yake, kwamba leo anamshonea mtu jina kama anajishonea mwenyewe. Sasa mwenye jina alikuwa amesimama mbele yake, mwanamke mrefu, mtulivu, ana macho ya mtu asiyepiga kelele wodini.

"Na wewe Nadia?" aliuliza muuguzi, ameshika mkono wa Kidoti kwa mikono miwili. "Sijawahi kukutana na mwingine hapa mjini! Wewe lako limetoka wapi?"

"Baba yangu alilitoa kwenye kitabu cha majina. La Kiarabu. Maana yake sijawahi kuishika vizuri, kuna umande, kuna ukarimu..."

"Basi tumeachana njiani. Langu limetoka kwa mama wa bibi yangu, alikuja kutoka nchi za baridi huko, za theluji. Kwao ni kifupi cha jina refu ambalo mimi mwenyewe likinipita ulimi unajikunja. Maana yake tumaini."

"Tumaini!" alisema Kidoti. "Ona, na tunaandikwa sawasawa."

"Sawasawa. Watu wawili wametoka nchi mbili wasiojuana, wakafika na jina moja."

Walicheka. Nataka mjue kwamba walicheka, na kwamba kwa dakika nzima walipendana. Muuguzi alilipokea koti, akapitisha kidole juu ya uzi wa buluu, akasema hajapata kuona mkono kama huo. Kisha akakigeuza kile kikaratasi. Kidole kikasimama.

"Huu muhuri umeupata wapi?"

"Nimepewa. Kwa nini?"

"Hii d hapa. Mguu wake umepasuka kidogo chini, unaona? Mimi vitabu vyangu vyote vya chuo vina muhuri huu. Na ile d imepasuka vilevile, mahali palepale." Akatabasamu, macho yako mbali. "Kumbe bado yupo pale karibu na maktaba. Bado ana wino kwenye kucha? Bado akikosea herufi anapiga mluzi?"

Anapiga mluzi akikosea. Hilo Kidoti alidhani analijua yeye peke yake duniani, yeye na Mungu.

Shangazi alikohoa. Muuguzi akatazama kidole cha Kidoti, akaiona pete. Akatazama rafuni, akaiona mito miwili mipya ya kitandani imefungwa utepe. Hakuwa mjinga.

"Mwenzangu, samahani," alisema taratibu. "Yangu na yake yaliisha zamani."

"Yaliishaje?" Sauti ilitoka nyembamba kama uzi namba mia.

"Nilipata kazi mbali. Nikamwambia anisubiri, akasubiri miaka miwili. Mimi ndiye sikurudi."

"Na sasa umerudi."

"Nimerudi kazini, dada. Kazini tu." Akaliweka koti mkononi, akaaga kwa heshima, akaondoka. Na ubaya wake ni kwamba alikuwa mtu mwema. Angekuwa mshenzi, Kidoti angepumua.

Mlango haujafungika sawasawa, shangazi akapata ulimi.

"Nilisema. Sikusema? Nilikwambia kijana anayekaa kimya akitajiwa jina ana lake jambo. Mwanamume anayependa jina aoe daftari!"

"Shangazi, usianze."

"Sianzi, namalizia. Na mama yake je? Siku ya utambulisho jina lako lilipotajwa, alimtazama mwanawe vile, akasema, 'Mwanangu, wewe!' Akaingia jikoni, hakutoka mpaka chai imepoa. Wewe ukadhani amefurahi."

Kidoti alikuwa amedhani amefurahi. Miezi minne alikuwa anajisifu kwa mashoga zake kwamba mama mkwe alilia jikoni kwa furaha. Sasa alikumbuka yale macho, akaelewa yalikuwa yanasema nini, na masikio yakamwaka moto. Aliutia muhuri kwenye mfuko wa gauni, akatoka bila kuvua futi ya kupimia shingoni.

Kibanda cha Bwana Mihuri kilikuwa mtaa wa tatu, kimeegemea ukuta wa maktaba. Ndani mlikuwa na mashine ya kukandamizia, jiko la umeme la kuokea mpira, na rafu iliyojaa kalibu za plasta za kukandamizia mpira wa mihuri, kila moja na jina la mtu au la ofisi limezama ndani. Mbele ya meza alisimama mzee mmoja karani akisubiri muhuri wa ofisi yake.

"Nadia!" alisema Bwana Mihuri, uso ukamfunguka. "Mbona huna hata mtandio? Kuna nini?"

"Yupi?"

"Yupi nini?"

"Umeita Nadia. Nakuuliza, umemwita yupi?" Akaubamiza muhuri mezani. "Amekuja dukani leo. Mrefu, mpole, ana vitabu vya chuo. Ameniuliza kama bado una wino kwenye kucha."

Yule kijana alitazama kucha zake. Karani alitazama dari.

"Mzee, naomba upite baadaye kidogo," alisema Bwana Mihuri.

"Mimi sina haraka, mwanangu," alijibu karani, akavuta kigoda akakaa. Alipoona macho ya Kidoti aliinuka mwenyewe.

Walipobaki wawili, Bwana Mihuri aliuchukua muhuri akaugeuza. "Nilikuwa nikwambie," alisema.

"Lini? Tukishapata wajukuu?"

"Kila siku nilisema kesho. Nikaona kadiri ninavyochelewa ndivyo linavyokuwa kubwa."

"Nikueleze kilichoniuma? Si kwamba ulimpenda mtu. Mimi si mtoto. Hii zawadi, nimelala nayo chini ya mto, unasikia? Kumbe ni ya mwenzangu."

"Mpira ni mpya. Nilioka mpya kabisa, kwa ajili yako."

"Na kalibu?"

Bwana Mihuri alinyoosha mkono rafuni, safu ya chini, akaitoa bila kutafuta. Kidoti aliona kwamba hakutafuta, na hilo nalo likamchoma.

"Kalibu ni ile ile," alisema kijana. "Nilitaka kukutengenezea muhuri, nikakumbuka jina ninalo limeshakaa tayari. Fundi hatengenezi kalibu mbili za jina moja. Ukija wewe Salama na akaja Salama mwingine, natoa ile ile. Sikuwaza zaidi ya hapo, naapa. Ilikuwa ni akili ya kazi tu."

"Akili ya kazi!" Kidoti alicheka kicheko kibaya. "Na kule kunyamaza siku ya kwanza nayo ilikuwa akili ya kazi?"

"Hapana."

"Sema basi."

"Siku ile ulipotaja jina nilishtuka. Nikarudi kesho yake kwa sababu ya jina. Sikufichi. Nilitaka tu kulitamka tena mbele ya mtu anayeitika." Alikwangua wino kwenye ukucha. "Siku ya tatu nilirudi kwa sababu ulinicheka nilipovaa aproni ndani nje. Na kuanzia hapo nilikuja kwa ajili yako. Yule hakuwahi kunicheka hata siku moja."

Maneno mazuri. Lakini wivu ukishakaa kitako hausikii mazuri, unachambua mabaya.

"Mlipokuwa wote ulimwitaje?"

"Nadia."

"Kwa sauti hii hii?"

Bwana Mihuri aliiweka kalibu mezani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sina sauti nyingine," alisema.

Ungetaka adanganye? Kidoti alitaka. Angedanganya pale, kidogo tu, angesamehewa. Aliivua pete, akaiweka kando ya kile kidude cha plasta, akatoka.

"Nadia, ngoja! Tafadhali!"

"Usiniite!" alijibu bila kugeuka. "Umeshaliita mpaka limechakaa."

Shangazi alimpokea na kikombe cha chai na hakusema chochote, jambo ambalo kwa shangazi ni sawa na kufunga mwezi mzima. Kidoti aliinywa nusu. Kisha akaishusha ile mito miwili kutoka rafuni, akakata utepe, akachukua kisu kidogo cha kufumulia.

"Unafanya nini?"

"Nafumua jina. Sitalalia jina la mtu."

"Huo uzi ni wa hariri, mwanangu. Wiki mbili ulikesha na huo mto."

"Nafumua."

Alivuta mto mapajani, akatafuta fundo la kwanza. N ilianza kwa kipindo kidogo kama mkia wa kinda la kuku, kipindo alichokibuni yeye mwenyewe kwa ajili ya mito hii, hakukitumia kwa mteja yeyote. Alikitazama. Alikuwa amekiona asubuhi hii. Alikuwa amekipiga pasi.

Mkono ukasimama.

Alifungua droo ya vielelezo. Juu kabisa, ikiwa bado na unga wa chaki, ilikaa ile karatasi ngumu iliyotobolewa, karatasi aliyoichora kwa ajili ya kitanda chake cha harusi. Jana jioni aliposoma kwenye oda kwamba koti linatakiwa liandikwe Nadia, alikuwa amefanya nini? Alifungua droo, akaona jina lipo tayari, akalitumia. Hata hakufikiri. Hivi sasa mwanamke yule alikuwa mahali fulani amevaa kifuani jina la mto wa Kidoti, na Kidoti ndiye aliyemvalisha.

"Shangazi," alisema, "nimefanya upuuzi."

Akaeleza. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, na mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika cherehani asianguke.

"Mmepatana!" alisema, anafuta machozi. "Wallahi mmepatana. Fundi na fundi. Nyinyi mkifiwa mtatumia sanda ya jirani kwa vile imeshakatwa!"

"Bado nina wivu," alisema Kidoti.

"Kuwa nao. Nani amekwambia utaisha? Mimi kwa marehemu mume wangu mpaka leo nina wivu na mhudumu mmoja wa posta, na wote wawili walishakufa."

Kidoti aliinua macho. Bwana Mihuri alikuwa amesimama mlangoni, aproni ndani nje. Alitweta. Kwenye kiganja alikuwa na vipande viwili vya plasta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sema ulilokuja nalo."

"Nimeivunja," alimwambia Kidoti.

"Plasta umeivunja," alijibu. Angeweza kumwambia habari za droo, lakini kiburi kilimkaba. "Na kichwani kwako? Huko nako utavunja?"

"Siwezi. Nimejaribu njia nzima kutafuta nikuite nani. Nikikuita Kidoti, nitakuwa kama mtaa wote. Nikikuita Nadia, nitakuumiza. Jina jingine la kubuni silitaki, ningekuwa nakudanganya." Aliviweka vile vipande juu ya meza ya kukatia, na pete juu yake. "Basi sitakuita tena mpaka wewe mwenyewe uniambie. Na usiponiambia, nitaelewa. Mama nitamwambia kosa ni langu."

Aliinamisha kichwa kwa shangazi, akageuka. Kidoti alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, moja, mbili, tatu, vikaingia barabarani. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Siku kumi na moja zilikuwa zinashuka ngazi pamoja naye.

"Unajua," alisema shangazi, ametunga uzi kwenye sindano kama hana habari, "baba yako hakuchagua umande. Ukarimu pia hakuuchagua. Lile jina kwenye kitabu lilikuwa na maana zaidi ya moja, kutegemea unavyolivuta. Nilikuwepo hospitalini. Wewe ulipiga kelele kabla hujatoka vizuri tumboni, wodi nzima ikageuka. Baba yako akacheka, akaweka kidole kwenye kitabu, akasema, 'Hii hapa. Nadia: anayeita. Huyu wangu hatasubiri kuitwa.'"

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Yule mwenzako lake ni tumaini. Tumaini husubiriwa, na kijana amesubiri miaka miwili, hakupata kitu. Wewe miezi minane umekaa hapa unangoja kuitwa, ukiitwa unayeyuka. Sasa mwenzio amenyamaza. Utakaa hapo na kisu mkononi?"

Kidoti alitupa kisu. Alijigonga kwenye kona ya meza, akaruka kapu la vitambaa, akafika mlangoni futi ya kupimia ikipepea shingoni. Barabara ilikuwa imejaa watu wa mchana. Kule mbele, karibu na kona ya maktaba, aliuona mgongo anaoujua na kamba za aproni zilizofungwa vibaya. Hatua kumi zaidi na kona ingemmeza.

Amwite nani? Bwana Mihuri ni jina la wateja. Jina lake halisi aliliita mama yake, na yule mwingine pia; bila shaka alikuwa amelitamka mpaka amelikariri. Kidoti alitafuta neno ambalo yule mrefu mpole hakuwahi kulipata, neno ambalo halijapita kinywa cha mwanamke yeyote kwa ajili ya mwanamume huyu. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa halijatimiza siku zake.

Alijaza kifua.

"Mume wanguuu!"

Baiskeli ilifunga breki. Muuza magazeti akaangusha mzigo. Barabara nzima wanaume wanne waligeuka. Mmoja tu ndiye aliyerudi, tena akikimbia.